Nywele Ngumu: Mstari Tuliochorewa na Ule Tuliouchora Wenyewe

Mwaka wa 2014 nilikuwa darasa la saba, Takaba, na nilikuwa na kipaji kimoja tu: kuchora. Siku moja nikamchora mwalimu wetu wa hesabu nyuma ya daftari. Nilimpa kichwa kikubwa, na mahali pa nywele nikaweka miiba ya mgunga. Daftari likazunguka dawati kwa dawati, darasa zima likaona, likacheka. Liliporudi kwangu, mtu alikuwa ameandika maneno mawili chini ya picha: nywele ngumu. Si mimi niliyeandika. Lakini sikufuta.

Jioni madaftari yakakusanywa ili yasahihishwe. Nilikuwa nimeshaisahau picha. Kesho yake madam akayatupa madaftari ya wengine juu ya madawati kama kawaida yake, lakini langu alinipa mkononi. Alikuwa amesahihisha kila swali. Chini ya ile picha hakuandika kitu. Aliniambia tu, "Swali la saba umekosea. Rudia." Basi. Hakunichapa, hakuniita ofisini, hakumwambia mwalimu mkuu. Mwezi wa kumi na moja shule ikafungwa, akaenda kwao kwa likizo, na Takaba hakurudi tena.

Nimekuwa nikiyafikiria yale maneno mawili kwa zaidi ya miaka kumi. Nilitaka kujua yalitoka wapi, yalifanya kazi gani katika historia yetu, na kama kuna watu waliowahi kuyakataa. Mimi si mwanahistoria. Chuo kikuu niliacha mwaka wa pili, karo ilinishinda. Lakini historia hii ilipita darasani kwetu, na baadhi yake niliichora kwa mkono wangu.

*

Kwa msomaji asiye wa kwetu, nianze na maana. Huku Mandera, Wajir na Garissa, "nywele ngumu" ni jina la mtu aliyetoka sehemu nyingine za Kenya: mwalimu, nesi, askari, fundi wa mawe. Na sisi wenyewe, tukipanda basi la Nairobi, tunasema tunashuka Kenya. Ati tunaenda Kenya, kama vile hapa tulipo ni nchi nyingine! Mgeni akisikia hivyo hucheka. Lakini kauli hiyo haikuanza kama mzaha.

Jina lenyewe lina asili ya zamani kuliko Kenya. Kwa Kisomali kuna neno jareer, yaani mwenye nywele ngumu, za kujikunja. Ndivyo walivyoitwa wakulima wa kando ya mito ya Juba na Shabelle kusini mwa Somalia. Wengi wao ni wajukuu wa watu waliotekwa na kupelekwa huko kama watumwa katika karne ya 19, kutoka nchi ambazo leo ni Tanzania, Msumbiji na Malawi. Baadhi yao mpaka leo wanazungumza lugha ya Kizigua, ile ile ya Wazigua wa Tanga. Yaani mtu amekaa Somalia vizazi na vizazi, ni Mwislamu, anaswali msikiti mmoja na jirani yake, lakini nywele zake bado zinatumika kama ushahidi kwamba si wa hapa.

Vita vya Somalia vilipolipuka mwaka wa 1991, watu hao walikimbilia Dadaab pamoja na wengine wote. Waliyakimbia mabomu, lakini neno likavuka mpaka pamoja nao. Kambini walibaguliwa na wakimbizi wenzao, kwenye foleni, kwenye ndoa, kwenye madarasa. Marekani ilipokubali kuwapokea karibu 12,000 kati yao, mwaka wa 2002 ilibidi kwanza wahamishwe kutoka Dadaab hadi Kakuma, upande wa pili wa Kenya, ndipo wasafirishwe.

Kwa hiyo neno hatukulipata shuleni. Tulilirithi, tukalikuta likiwa limeshanolewa.

*

Lakini haki ya Mungu, hata sisi tulichorewa mstari. Tena huo wetu ulichorwa na serikali.

Wakoloni waliita nchi yetu Northern Frontier District. Kuanzia miaka ya 1920 waliiwekea sheria za kufunga milango: bila kibali hutoki, bila kibali huingii. Shule hawakujenga ila chache mno. Walichotaka kwetu ni utulivu wa mpaka, hawakutaka makarani. Wapo Wasomali wa mijini wakati huo, hasa Waisaaq, waliopigania kuandikwa kama Waasia na si Waafrika, kwa sababu serikali ilimpa Mwasia haki zaidi. Sisemi hivyo kuwalaumu. Mtu akikuta watu wamepangwa kwa ngazi, atatafuta ngazi ya juu. Lakini ni vizuri tukumbuke kwamba hata sisi tulikuwa na hamu ya kusimama upande mzuri wa mstari.

Uhuru ulipokuja, mstari haukufutwa. Vita vya Shifta vilianza 1963 na kuendelea hadi 1967, na sheria za hali ya hatari zikabaki kwenye vitabu mpaka 1991. Waraka wa serikali nambari 10 wa mwaka wa 1965 ukasema fedha za maendeleo ziende kwanza pale zitakapozaa haraka. Ardhi yetu ya ngamia na mbuzi haikuhesabiwa kuwa ya kuzaa. "Shifta" likawa jina letu, hata kwa mtoto aliyezaliwa vita vikiwa vimeisha.

Kuna mambo mawili katika historia hii ambayo kila mtoto wa Kaskazini Mashariki angepaswa kufundishwa darasani, na mimi sikufundishwa hata moja.

La kwanza ni Bulla Kartasi, Garissa, Novemba 1980. Baada ya maafisa wa serikali kuuawa, askari walichoma mtaa na kuwakusanya wakazi katika uwanja wa Shule ya Msingi ya Garissa. Waliwaweka pale siku tatu bila chakula wala maji. Uwanja wa shule! Mahali pa gwaride na mpira. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliyaandika hayo katika ripoti yake ya 2013.

La pili ni Wagalla, karibu na Wajir, Februari 1984. Wanaume wa ukoo wa Degodia walitengwa na wenzao, wakapelekwa kwenye kiwanja cha ndege, wakawekwa juani kwa siku kadhaa. Wengi waliuawa. Serikali wakati huo ilitaja watu 57, wenyeji wanasema ni maelfu, na ubishi huo haujaisha hadi leo. Angalia namna ilivyofanyika: kwanza uliulizwa wewe ni wa ukoo gani. Jibu lako ndilo lililoamua unakaa wapi.

Halafu mwaka wa 1989 ikaja amri kwamba kila Msomali wa Kenya akaguliwe upya na apewe kadi ya pekee. Watu wakapanga foleni kuthibitisha kwamba ni Wakenya.

Tangu hapo ukimwambia mtu wa kwetu "simama huku, na wewe simama kule," mwili wake unajua kinachofuata.

*

Tarehe 22 Novemba 2014, alfajiri, basi lililotoka Mandera kwenda Nairobi lilisimamishwa na Al-Shabaab. Abiria walitenganishwa. Walioshindwa kusoma shahada waliwekwa upande wao. Watu 28 waliuawa, miongoni mwao walimu wengi waliokuwa wakienda nyumbani kwa Krismasi. Siku kumi baadaye, wachimba mawe 36 waliuawa usiku huko Koromey, nje kidogo ya mji wa Mandera. Ilikuwa ni hesabu ile ile: huyu ni wetu, huyu si wetu.

Madam wetu hakuwa kwenye basi lile. Alikuwa ameondoka Takaba siku kadhaa kabla, kwa njia ya Wajir. Tulipopata habari kwamba yuko hai, nilishukuru, halafu nikaona aibu ambayo sikuweza kumweleza mtu. Wale wauaji walitumia bunduki, mimi nilitumia penseli. Si kitu kimoja, najua. Lakini swali lilikuwa moja: nani wa hapa, nani si wa hapa. Na nilikuwa nimelijibu mapema.

Januari 2015 shule zikafunguliwa, walimu wengi kutoka nje hawakurudi. Chama chao, KNUT, kiliwaambia wasirudi mpaka usalama upatikane. Wengine walipiga kambi Nairobi kwenye ofisi za Tume ya Huduma kwa Walimu, TSC, wakidai wahamishwe. Nani angewalaumu? Mimi nikaingia darasa la nane, mwaka wa mtihani wa KCPE, bila mwalimu wa hesabu. Tulifundishwa na kijana aliyemaliza kidato cha nne mwaka uliotangulia. Alijitahidi, maskini. Akikwama kwenye swali, anatuambia tulinakili tu, atatuletea jibu kesho.

Tarehe 2 Aprili mwaka huo huo ikawa Chuo Kikuu cha Garissa. Watu 148 waliuawa, wengi wao wanafunzi, na hapo pia waliulizwa dini zao. Chuo kilikuwa kimefunguliwa 2011, cha kwanza cha aina yake mkoani kwetu, tukikitazama kama dawa ya miaka yote ile ya kunyimwa. Na kuna jambo moja ambalo mpaka leo naliona gumu kumeza: mmoja wa washambuliaji alikuwa amehitimu sheria Chuo Kikuu cha Nairobi, mtoto wa chifu wa huko Mandera. Alikuwa amesoma kuliko mimi nitakavyosoma. Kwa hiyo wanaposema elimu itaondoa ubaguzi, mimi huuliza: elimu gani? Hesabu na sheria mtu anaweza kuzijua zote, na bado akaenda kuwapanga watoto wa wenzake kwenye mistari miwili.

*

Sasa nifike El Wak.

Tarehe 21 Desemba 2015 basi lilikuwa likitoka Nairobi kwenda Mandera, na abiria zaidi ya 60. Karibu na El Wak, watu wenye silaha wakalisimamisha. Amri ikawa ile ile ya mwaka uliopita: Waislamu huku, Wakristo kule.

Abiria wakakataa.

Hawakukataa kwa hotuba. Wanawake wa Kiislamu walikuwa wameshawapa wanawake wa Kikristo mitandio na hijabu wajifunike. Wengine waliwasaidia wenzao kujificha ndani ya basi. Walipoamriwa wajitenge, waliwaambia washambuliaji wawaue wote au wawaache wote. Washambuliaji mwishowe wakaondoka. Watu wawili waliuawa siku hiyo, na wengine wakajeruhiwa kwa risasi. Bila ule ukaidi wa abiria, sote tunajua hesabu ingekuwaje, kwa sababu tulikuwa tumeiona mwaka uliotangulia.

Mmoja wa majeruhi alikuwa Salah Farah. Alikuwa mwalimu, naibu wa mwalimu mkuu katika shule ya msingi mjini Mandera. Akiwa hospitalini aliwaeleza waandishi wa habari jinsi ilivyokuwa, na kuwaomba watu wa dini zote waishi pamoja. Januari 2016 akafariki Nairobi alipokuwa akitibiwa. Rais Uhuru Kenyatta alimtunuku nishani baada ya kifo chake, katika hotuba yake kwa taifa mwezi wa Machi. Kisa hicho kikazaa filamu fupi ya Watu Wote, iliyotengenezwa na wanafunzi wa filamu wa Hamburg, Ujerumani, na kuteuliwa kuwania tuzo ya Oscar mwaka wa 2018.

Watu wengi wanakisimulia kisa hiki kama muujiza wa siku moja. Mimi sioni hivyo. Mtu hawezi kujifunza kukataa pale pale mbele ya bunduki. Lazima awe amefanya mazoezi mahali fulani.

Na mazoezi yalikuwepo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 koo za Wajir zilikuwa zikiuana. Hata sokoni, mwanamke wa ukoo huu hakuweza kununua maziwa kwa mwanamke wa ukoo ule. Dekha Ibrahim Abdi na wanawake wenzake wakaanza kazi na jambo dogo kabisa: soko liwe la kila mtu. Waliweka wanawake wa kuangalia kwamba hakuna anayefukuzwa kwa sababu ya ukoo wake. Kutoka sokoni wakaenda kwa wazee, na mwaka wa 1993 wazee wakatia sahihi makubaliano ya amani ya Al Fatah. Dekha alikuwa amelelewa Wajir katika mtaa wa majirani waliochanganyika, Waislamu na Wakristo. Mwaka wa 2007 alipewa tuzo ya Right Livelihood, na 2011 akafariki baada ya ajali ya barabarani.

Maziwa, mtandio. Ukitazama vizuri, wanawake wa Wajir na wanawake wa lile basi walifanya kazi moja. Waliharibu mstari kwa vitu vya kila siku vilivyokuwa mikononi mwao.

*

Februari 2016 nikapanda basi kwenye barabara hiyo hiyo, kinyume chake, nikaenda kidato cha kwanza katika shule ya bweni huko Kenya. Jina la shule halina maana hapa. Mtu wa kidato cha kwanza aliitwa mono, na mono hakuwa na haki: alifua soksi za wakubwa, aliimba usiku akiwa amesimama juu ya kitanda, alitoa sukari yake. Hayo tuliyapata wote. Mwaka mmoja baadaye habari za wanafunzi kuteswa na viranja Alliance High School zilijaa magazetini, na taifa likajifanya limeshtuka. Sisi tuliokuwa bwenini hatukushtuka.

Ila mimi nilikuwa na nyongeza. Mimi nilikuwa "Alshabab." Kila Jumapili jioni wavulana wa kidato cha tatu walimwaga vitu vyangu sakafuni "kutafuta bomu." Walikuwa wanacheka. Nadhani hata wao waliona ni mzaha tu, kama sisi tulivyocheka Takaba.

Jumapili moja kijana wa kitanda cha pili, Mkamba wa Kitui, mono kama mimi, akaburuta sanduku lake la chuma akaliweka kando ya langu. Akalifungua. "Pekueni na hili," akasema. Walimpiga makofi mawili ya shingo, wakamwaga vitu vyake pia. Wiki iliyofuata tulikuwa watu wanne wenye masanduku wazi. Wiki ya tatu hawakuja. Masanduku yalikuwa mengi mno, kazi imeshakosa utamu.

Hakuna mwalimu aliyejua. Hakuna sheria iliyotajwa, ingawa sheria zipo: kiboko kimepigwa marufuku shuleni tangu 2001, Katiba ya 2010 inakataza ubaguzi katika ibara ya 27, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza kumpiga mwanafunzi au kumtesa kiakili. Ni sheria nzuri. Lakini usiku bwenini sheria haina miguu. Inatembea kwa miguu ya yule wa kitanda cha pili.

*

Nilimaliza kidato cha nne 2019, nikarudi Takaba kusubiri matokeo. Mwaka wa 2018 walimu walikuwa wameuawa Qarsa, Wajir. Januari 2020 wengine watatu wakauawa Kamuthe, Garissa. TSC ikawaondoa walimu wasio wenyeji katika kaunti zetu tatu. Mjini Garissa wanafunzi na wazazi waliandamana wakitaka walimu wao warudishwe. Hebu tafakari: watoto wa watu walioita walimu "nywele ngumu" sasa wako barabarani wanawalilia. Shule nyingi zilibaki na mwalimu mkuu na vijana wa kujitolea. Mmoja wa vijana hao nilikuwa mimi. Nilifundisha hesabu, darasa la sita, kwa miezi miwili na nusu.

Mwezi wa pili niliona kwenye rejista kwamba msichana mmoja hajafika siku nane. Mama yake ni mtu wa Takaba. Baba yake ni fundi wa magari, Mmeru aliyesilimu na kukaa kwetu miaka mingi. Nikauliza darasa, kuna nini? Kimya. Halafu mvulana mmoja akajibu bila uchungu wowote, kama mtu anayetaja siku ya juma: "Mwalimu, yule nywele ngumu amekataa shule."

Nywele za msichana yule hakuna aliyewahi kuziona. Alivaa hijabu kama wasichana wote.

Ningeweza kuwachapa. Nilikuwa na hasira hiyo, na nusu yake ilikuwa ya kujikasirikia mwenyewe. Nikaenda kwa mwalimu mkuu, mzee wa hapa hapa, mtu wa maneno machache. Akanyamaza, akamaliza chai, akasema Alhamisi tuite wazazi.

Walikuja wachache, kama thelathini, wakakaa kwenye kivuli cha mgunga. Baba mmoja akasema hili ni jambo dogo, watoto wanataniana, na kwani neno linaua? Wengine wakaitikia kwa vichwa. Ndipo bibi mmoja akaomba kuzungumza. Akasimulia foleni ya 1989, jinsi alivyoulizwa jina la babu wa babu yake ili apewe kadi. "Na msidhani kwenye ile meza walikaa wageni peke yao," akasema. "Walikaa na wazee wetu. Mzee aliyeniambia mimi si wa hapa, nilimjua. Alikunywa maziwa kwangu." Akaketi. Yule baba hakurudia swali lake.

Waliyokubaliana hayakuwa makubwa. Kwamba kila mtoto aitwe kwa jina lake, na hata sisi walimu tuache "wewe mfupi" na "wewe wa porini." Kwamba kwenye madawati watoto wasikae kiukoo. Kwamba mtoto akitukanwa, darasa lote litamwambia mwalimu, asiachiwe yule aliyetukanwa aje peke yake. Na kwamba wazazi wa wale wavulana waende kwa yule fundi kuomba radhi. Wakaenda, na sukari na majani chai, kama inavyofanywa. Nilienda nao. Fundi alitoka chini ya lori, mikono imejaa grisi, akasalimia kwa kiwiko. Alisema amesamehe. Mama mtu hakusema kitu kwa muda mrefu, halafu akasema, "Mimi sukari ninayo. Nataka mtoto asome."

Jumatatu msichana akarudi. Mwalimu mkuu akawasimulia watoto gwarideni habari za Salah Farah, na akauliza wangekuwa kwenye lile basi wangefanya nini. Wote kwa sauti moja: "Tungekataa!" Akawaambia, basi anzeni na neno lile. Mvulana mmoja mdogo akanyoosha mkono, akalalamika kwamba bunduki unakataa mara moja imeisha, lakini neno linarudi kila siku. Watu wakacheka. Mzee hakucheka. Akamwambia, "Ndiyo. Kila siku."

Nisidanganye kwamba mambo yalinyooka. Wiki iliyofuata nililisikia tena lile neno nyuma ya choo. Lakini nilisikia pia sauti nyingine ikisema, "Acha." Katikati ya Machi shule zote nchini zikafungwa kwa sababu ya korona. Zilipofunguliwa mimi nilikuwa chuoni, na ile familia ilikuwa imehamia Moyale. Kwa hiyo siwezi kukuambia kwamba tulishinda. Naweza kukuambia tu kwamba watu kama thelathini, katika shule isiyo na walimu, waliacha kazi zao Alhamisi moja kwa ajili ya msichana mmoja.

*

Historia yetu inapenda kuhesabu tuliyotendewa, na ni haki yetu. Bulla Kartasi ilitokea. Wagalla ilitokea. Foleni ya 1989 ilitokea, na mwaka wa 2014 Wasomali walikusanywa tena kwa maelfu Nairobi na kupelekwa uwanja wa Kasarani wakakaguliwe. Anayetaka tuyasahau hayo hatutakii mema. Lakini mtu aliyewahi kuwekwa upande mbaya wa mstari, akipata chaki, ni rahisi sana aanze kuchora wa kwake. Mimi nilichora nikiwa na miaka kumi na minne. Mashujaa wa El Wak walikuwa na sababu zile zile tulizo nazo za kuwachukia watu wa "Kenya." Walikuwa na historia ile ile. Walichagua kuitumia namna nyingine: kwa sababu tunajua maana ya kutengwa, hatutatenganisha.

Walimu kutoka nje bado ni wachache kwetu, na watoto wa darasa la nane waliokosa hesabu mwaka wangu sasa ni watu wazima wanaoendesha bodaboda. Tukitaka walimu warudi, serikali ilete usalama, hiyo ni kazi yake na tuidai. Lakini kuna kazi ambayo askari hawezi kutufanyia. Mwalimu akishuka kwenye gari Takaba, amekuja na sanduku na chaki, neno la kwanza atakalolisikia nyuma yake ni letu.

Madam wangu wa hesabu nimemtafuta, sijampata. Pengine anafundisha mahali fulani, pengine amestaafu. Swali la saba nililirudia usiku ule ule na nikalipata. Picha niliichora mimi. Maneno sikuyaandika, lakini niliyaacha pale, na kuyaacha pale ndilo kosa langu.